Bi Fomu na Mtaa wa Watu Wazima

Nitakalosimulia hamtaliamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo naliamini kwa zamu. Mtaa wetu wote, kaya mia moja na arobaini, haukuwa na mgonjwa hata mmoja. Kwenye karatasi.

Walikuja watafiti kuuliza nani ana presha na nani ana sukari, ili kliniki ya kila wiki ipelekwe kwenye shida zaidi. Vijana nadhifu, wanasimama mlangoni: "Hamjambo? Afya zenu?" Sasa nani aliyelelewa akalelewa atamwambia mgeni ambaye hajakaa kwamba miguu imemvimba? Tukajibu kwa adabu: wazima, tunashukuru. Wakaandika. Kliniki ikaanza kuelekea ng'ambo ya reli, kwa watu wanaojua kulalamika.

Mpwa wangu, mhudumu wa afya wa mtaa, tuliyempachika jina Bi Fomu, alizisoma zile fomu akashika kichwa. Ya mama yake, yaani dada yangu, anayetembea kwa kushika ukuta, iliandikwa: mzima.

"Mama!"

"Mwanangu, wageni wenyewe walikuwa na haraka."

Akaenda kuwaomba watafiti arudie kuuliza. Wakampa siku tano.

Akili huyu mtoto ameitoa kwangu, asiwadanganye mtu. Hakubisha hodi na kalamu mkononi. Aliingia, akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage ya mwenye nyumba. "Habari za afya?" "Nzuri tu." Anachambua. Maharage yakifika nusu ya ungo, mtu mwenyewe anahema: "Ila..." Hapo ndipo kalamu inatoka! Ila kizunguzungu. Ila ganzi ya vidole. Ila mwaka wa pili sasa. Wiki ile mtaa mzima tulikula maharage yasiyo na jiwe hata moja.

Akafika kwangu.

"Mjomba, afya?"

"Chuma!"

"Chuma nacho hushika kutu, mjomba."

Nikamfukuza kwa heshima.

Siku ya tano alipeleka fomu zake, kaya mia moja na thelathini na tisa. Watafiti wakazisoma wakatazamana. Kliniki ikageuza njia, na sasa kila Jumanne iko kwenye chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga. Dada yangu anakunywa dawa, ukuta ameuacha upumzike.

Na Jumanne ya kwanza, andikeni hili kwa wino mzito, nani alitangulia foleni? Mimi! Nilinyoosha mkono bila kupepesa jicho, watu mia tatu wakapiga makofi, daktari akasema hajawahi kuona damu yenye nidhamu ka...

"Mjomba, unaandika nini hapo?"

Kumbe yuko nyuma ya bega langu.

"Historia."

"Ulikuwa wa mwisho. Tena tulikutoa nyuma ya pipa la maji."

Nimemwambia nilikuwa nakagua pipa, maana linavuja. Amevuta kigoda, amekaa, ananitazama tu. Haya, pipa halivuji, na mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila