Mpaka Ukutani

Kila mwaka fundi rangi huipaka upya ramani ya nchi kwenye ukuta wa shule, ulimi ukimchungulia pembeni mwa mdomo, akiuimba wimbo wa taifa puani. "Mimi naipenda nchi yangu tu, sina ugomvi na mtu," hupenda kusema. Lakini kila mwaka mkono wake huusogeza mpaka kidogo, ng'ambo ya mto, ndani ya nchi jirani. Safari hii mama mkwe wake, mzaliwa wa ng'ambo hiyo, alikuja akasimama nyuma yake.

"Baba, na kwetu nako mmeshakuchukua?"

Uso ukamshuka. "Hapana, mama, mkono umeteleza tu." Akashika kitambaa, akafuta harakaharaka bila kumtazama, na rangi mbichi ikazidi kutambaa kwenda kwao.