Riwaya Chini ya Meza

Mkutubi yule hulamba kidole kabla ya kugusa ukurasa, huupuliza muhuri kama chai ya moto, kisha hukupa kitabu alichokuchagulia yeye. Fundi cherehani anayejifunza Kiingereza kila akiomba hadithi ya mapenzi hupewa historia ya reli, nene kama tofali. "Dada, Kiingereza hakisomwi kwa porojo!" Porojo? Na nani asiyesinzia kila ukurasa wa pili wa reli hiyo?

Leo mkutubi aliangusha kalamu. Fundi akainama kumwokotea, akaona chini ya meza riwaya ya mapenzi, ya Kiingereza, imelegea kwa kusomwa, ukurasa wa karibu na mwisho umekunjwa pembe. Akaichomoa, akaibamiza mezani.

"Piga muhuri, kaka. Mwisho wake nitakuhadithia mimi, kwa Kiingereza."