Droni Isiyosikia Zaidi ya Mlango

Mtaani walimwita Fundi, ingawa mafundi wa kila aina walikuwa wengi kuliko nyumba. Yeye alikuwa mshonaji, na mkasi wake ulikuwa mkali hivi kwamba uzi uliochomoza ukiuona tu ulikatika wenyewe kwa woga. Miaka nenda miaka rudi aliwashonea watu nguo za kwendea kwenye furaha zao, naye akabaki na vipande. Furaha yake mwenyewe ilichelewa. Ilikuja watoto walipokwisha kuhama: droni ndogo, si kubwa kuliko kisahani cha chai, aliyoiunga kipande kwa kipande juu ya meza ya sebuleni.

Meza hiyo ndiyo ilikuwa vita. Mumewe, kinyozi, alikuwa mpole hata nzi walikuja kupumzika kwenye kipara chake wakijua hawatafukuzwa. Lakini kula sahani ikiwa magotini humchosha hata mpole.

"Mama Watoto," alisema Jumamosi asubuhi, "mchuzi umenimwagikia suruali tena."

"Nitakushonea nyingine."

"Suruali ninazo. Nataka meza. Hilo dude lako lisiporuka kufikia kesho jioni, linaingia guniani, gunia linaingia uvunguni, na meza inarudi kuwa meza."

"Na likiruka?"

"Meza yako. Na mdomo wangu sifungui tena."

"La mdomo usiahidi, baba. Hutafika chai ya saa nne."

Fundi alicheka, lakini akaivuta droni karibu naye. Cherehani ilikuwa ya wateja, jiko lilikuwa la wote, kitanda nusu yake ilikuwa ya mwenye kukoroma. Meza ile ndiyo mahali pekee palipokuwa pake.

Tatizo lilikuwa masikio. Ndani ya droni kuna risiva, kidude cha ukubwa wa ukucha, kazi yake kuisikia rimoti. Fundi alikwisha kuzifungisha ndoa risiva na rimoti: alibonyeza kitufe, taa ya risiva ikapepesa, kisha ikatulia. Hapo mezani walipendana kama maharusi. Ila akirudi nyuma na rimoti mpaka mlangoni, taa ilianza kupepesa upya, na mapenzi yakaisha.

Akampigia simu muuza viatu mmoja aliyezoea kurusha droni uwanjani, wenzake wakimwita Mbawa.

"Betri umeijaza?" aliuliza Mbawa.

"Pomoni. Za droni na za rimoti."

"Panga za kurukia umezivua? Usije ukanyoa watu kabla ya mumeo."

"Nimezivua. Na kabla hujauliza, nyaya hazijapishana. Zingepishana, hata mezani isingesikia."

"Haya, bingwa. Labda antena imelalia fremu. Fremu ile ni kaboni, inaziba mawimbi."

"Nimeisimamisha nje, kwenye kijiti cha plastiki."

"Sasa tazama mwisho wake. Pale ganda limevuliwa, kuna kinywele chembamba kimetokeza. Huo ndio usikivu wenyewe. Kiko sawa?"

Fundi alitazama. Akavaa miwani, akatazama tena. Waya wa antena ulikuwa na ncha butu, safi kama pindo la shati jipya. Ndipo alipoukumbuka mkono wake siku ile akiifunga risiva: kinywele kikining'inia, mkasi ukipita, kichwa kikifika baadaye.

"Nimekikata," alisema.

"Umefanya nini?"

"Kilikuwa kinaning'inia!"

Mbawa alicheka mpaka wateja wakatoka dukani kwake na kiatu mguu mmoja. "Dada yangu, umeipunguza masikio! Lakini usilie, waya bado mrefu. Vua ganda la nje na ule wavu wa nyuzi za shaba chini yake, inchi moja na robo, ubaki uti wa ndani. Ukiugusa uti kwa wembe, umekwisha."

Fundi akakaa chini na kile kijiti chake cha kufumulia mishono. Waya haukutulia, kila akiuegemea, unateleza. Kinyozi alimtazama kutoka kwenye kiti, sahani magotini, shati lina doa. Akanyanyuka, akaja na kibano chake cha kung'olea vinyweleo, akaubana mwisho wa waya.

"Unajua unajikosesha meza mwenyewe?" mkewe akamuuliza.

"Nyamaza ufumue. Mkono utanichoka."

Fundi akavua ganda, akafumua wavu, uzi baada ya uzi, kama anayefumua gauni la mteja mkali. Uti ukabaki mzima. Kisha akatoka na rimoti, akamwacha mumewe akiilinda taa.

"Vipi?" alipaza sauti akiwa mlangoni.

"Imetulia!"

Akafika kwenye kona. "Vipi?"

"Imetulia!"

Akapita kona, akaupita uzio wa jirani, na kinyozi akapiga kelele hata kuku wa mtaa wa pili wakaacha kutaga: "Imetulia, we mwanamke! Unakwenda wapi, unanihama?"

Jumapili uwanjani Fundi akazirudisha panga, akainua droni taratibu. Ikapanda, ikayapita magoli yote mawili, ikageuka ilipoambiwa igeuke, ikashuka miguuni pake.

Kinyozi akakuna kipara. "Meza yako," alisema. Walipokaribia nyumbani akaongeza: "Lakini hii kona ya mwisho, ya upande wa dirisha, bakuli dogo tu..."

"Bakuli kavu," Fundi akasema. "Mchuzi hapana."

"Mchuzi hapana," mumewe akakubali.