Vifaranga Watatu na Paka wa Mzee Clive

Jumatano saa mbili asubuhi, kiota kilikuwa na vifaranga watatu. Saa nne kilikuwa kitupu.

Hakuna damu. Hakuna unyoya.

Chini ya kichaka, paka wa jirani kakaa anajilamba.

Basi, mwizi nikamjua.

Naitwa Tegan, naishi mji mdogo wa Castlemaine. Kila Septemba, baridi ikilegea, napiga picha vile videge vya buluu vyenye mkia juu, vidogo kama kidole gumba. Mwaka huo wawili walijenga kiota uani kwangu. Asubuhi hiyo niliacha kamera kwenye stendi ikijipiga yenyewe kila dakika, nikaenda kununua mkate.

Niliporudi, mama yao alikuwa na kiwavi mdomoni. Anaingia kiotani, anatoka. Anaingia tena.

Kiwavi bado yumo mdomoni.

 

Nikaruka uzio hadi kwa jirani.

"Mzee Clive, paka wako kaua wote watatu!"

"Mwanangu, huyu kazeeka. Hata kuruka kiti hawezi."

"Nimemkuta palepale! Usinizuge bwana."

Paka alikuwa wa marehemu mkewe, Beryl.

"Una hakika?" akauliza.

"Asilimia mia."

Ijumaa nikamwona anarudi kutoka kwa daktari wa wanyama na kikapu kitupu.

"Wamemdunga sindano ya mwisho," akasema. "Sitaki ugomvi na jirani."

Sikuwa nimemwomba amuue!

Jumapili ndipo nikapata moyo wa kutazama picha.

Karawongi. Dege jeusi la macho ya njano, jizi la viota. Picha moja, liko tawini. Inayofuata, kichwa ndani ya kiota. Dakika tatu, vifaranga watatu.

Paka alikuja nusu saa baadaye, akaota jua.

Kilichonimaliza ni upenyo. Dege lilipita kwenye upenyo niliokata mwenyewe kwa mkasi, Jumanne, ili majani yasinizibie picha.

Nikaenda kwa mzee. Nikamkuta jikoni anamenya viazi.

"Mzee Clive, hakuwa paka. Ni mimi."

Hakugeuka.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sasa unataka nikufanyie nini?"

Nikabaki mlangoni. Hakunifukuza, hakunikaribisha.

Ndugu yangu unayesoma, ukweli ulikaa kwenye kamera yangu siku nne, nikaogopa kuutazama. Kumsingizia mzee wa watu ndiko sikuogopa.