Sparadrap ya Mama

Neno lenyewe lilikuwa kosa langu. Mama alikuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa, na vidonge vya maumivu alikuwa akivitapika vyote. Daktari akambandika kipande chembamba chenye gundi mgongoni, chini kidogo ya bega, akanieleza kwa Kifaransa kwamba dawa imo humo ndani, inapenya ngozi na kuingia mwilini polepole kwa siku tatu. Isibanduliwe, isipate joto. Nikaitika kama mwanafunzi mzuri.

Nyumbani wakaniuliza ile ni nini. Mimi sina subira na maswali. Nikajibu, "Ni sparadrap. Musiiguse."

Na kwetu sparadrap ni plasta ya kufunika kidonda, basi.

Kesho yake mama mkubwa, dada yake mama, alishuka kutoka mtaa wa Cimpunda kuja kumkanda. Tangu nikiwa mdogo, mtu akiumwa mgongo kwetu huitwa yeye, na taulo lake na maji ya moto. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi saa sita mchana nilimkuta ameketi sebuleni, ameridhika.

"Leo iko analala muzuri," akaniambia. "Nilimukanda mugongo yote na maji ya moto. Ile sparadrap sikuigusa hata. Niliweka tu taulo juu."

Nilikimbia chumbani nikafunua shuka. Taulo lilikuwa bado linafuka mvuke. Mama alivuta pumzi moja, kisha kimya, nami nikangoja, kisha akavuta nyingine. Nilimwita. Hakuitika. Nikatafuta namba ya daktari kwenye simu, nikakosea, nikarudia mara tatu.

"Toa taulo, toa na ile dawa," daktari akasema. "Joto inaiingiza mingi mara moja. Mumuamushe, mumulete sasa hivi."

Ndani ya teksi mama mkubwa alimpigapiga mashavu huku akilia. Mimi nilihesabu pumzi. Niliogopa mama hatafika hospitalini kule Ibanda, na niliogopa zaidi kwamba nitakuwa nimemuua kwa neno moja la uvivu.

Hospitalini walimchoma sindano ya kuzima ile dawa. Akafumbua macho, halafu maumivu yakamrudia yote, akapiga kelele. Sijawahi kufurahia kilio cha mama namna ile. Mungu anisamehe.

Tulipotoka hospitalini nilipewa kipande kipya nikakibandike mwenyewe nyumbani. Nilikikagua pande zote kabla ya kukibandika, hadi mama akanicheka. Safari hii nilimwambia kila mtu, mpaka jirani: "Hii ni dawa. Iko inaingia mu mwili. Maji ya moto hapana."

Mama mkubwa aliendelea kuja kila siku, lakini hakumgusa tena. Aliketi karibu na mlango, mikono ameificha ndani ya kitenge. Nilimwambia kosa ni langu. Siku ya nne mama alitoa miguu nje ya shuka.

"Yaya," akamwambia dada yake mkubwa, "ku miguu hakuna sparadrap."

Mama mkubwa akainuka, akaenda kuchota maji ya baridi. Akapiga magoti, akashika mguu wa mdogo wake na kuanza kukanda taratibu. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, nikihesabu pumzi.