Mafundi wa Gesi Iliyobaki Ziwani

Vita vilikuwa vimeanza mpakani kaskazini, mafuta ya gari yalipatikana kwa kubahatisha, na mimi nilikuwa nimemaliza shule sina kazi, nilipojiandikisha kusomea ufundi wa gesi. Kila mtu Kigali alijua kwamba chini ya Ziwa Kivu kuna gesi ya kuwasha nchi nzima. Ilibaki kuitoa tu, na watakaoitoa tungekuwa sisi.

Mama, aliyeuza vitenge Nyamirambo, aliuliza kwa nini tusomee Kigali wakati ziwa liko Gisenyi. Nikamjibu kwamba ofisi zote ziko Kigali. Hilo alilielewa.

Darasa letu lilikuwa ghala la zamani kwenye barabara ya Kanombe. Mwalimu alikuwa mzee wa Kikongo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye visima vya mafuta baharini, mpaka bomba lilipopasuka karibu naye likamwachia sikio moja la kusikilizia. Msichana nilikuwa peke yangu. Siku ya kwanza mwalimu alinipa spana ndefu kama mkono wangu na kunionyesha boliti iliyowashinda wavulana. Nilining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote mpaka boliti ikaachia. Hakunisifu. Aliniambia niifunge tena.

Tulifungua na kufunga mabomba yasiyounganishwa na chochote. Gesi haikuwapo, kwa hiyo tulijaza hewa kwa pampu, tukapaka maji ya sabuni kwenye maungio na kutazama kama yanatoa mapovu. Sabuni tulitoka nayo nyumbani. Tulifundishwa pia kwamba gesi ikivuja, mtu hukimbilia upande upepo unakotoka. Ghala halikuwa na madirisha, basi mwalimu alisimama katikati na kututangazia upepo unavuma kutoka wapi. Tulikimbia alikosema.

Siku ya kufunga mafunzo alikuja mkubwa mmoja kutoka wizarani. Tulikuwa na mtungi mmoja wa gesi ya kupikia, tuliouhifadhi kwa ajili ya siku hiyo: mimi ningefungua koki, mwenzangu angewasha moto kwenye ncha ya bomba, na mgeni angeona mwali. Nilifungua. Mwenzangu akasogeza kiberiti. Njiti ikaungua mpaka vidoleni, akawasha nyingine. Hakikutokea kitu.

Mwalimu akaja, akaugonga mtungi, ukalia kama debe tupu. Kisha akanusa harufu ya kuku wa karamu iliyotoka uani, na akaelewa kabla yetu. Mvua ilikuwa imelowesha makaa ya mpishi wa karamu, naye alikuwa ametumia alichokiona karibu: mtungi wetu.

Akaniinamia. "Funga, binti. Funga vizuri, kama vile iko na gesi."

Nilifunga hatua kwa hatua kama tulivyofundishwa, nikapaka sabuni, nikakagua, nikarudi nyuma. Nilijiuma mdomo nisicheke. Mgeni alisimama na kutupongeza. Alisema ameambiwa mara nyingi kwamba gesi ni hatari, lakini leo amejionea kwa macho yake kwamba mikononi mwetu haitoi hata cheche. Tulipigiwa makofi, kisha tukaenda kula. Kuku walikuwa wameiva vizuri sana. Mwalimu peke yake hakula.

Nilipomwendea kumuaga, alisema kule baharini aliwazika watu waliofunga ovyo kwa kudhani bomba ni tupu. "Wewe ulifunga," akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuipata kwake, na kicheko changu kikaisha.

Mradi haukuanza. Wenzangu wengi walichukuliwa jeshini. Mimi niliitwa hospitali moja upande wa Kanombe, ambako majeruhi walikuwa wakiletwa kutoka vitani. Kuna mtu aliyeona neno "gesi" kwenye cheti changu, nikakabidhiwa mitungi ya oksijeni. Mama aliwaambia majirani kwamba nimepata kazi ya gesi, na hakusema uongo.

Asubuhi moja, mwanajeshi wa umri wangu, amefungwa bandeji kifua kizima, aliniuliza kwa sauti ndogo nilisomea wapi uuguzi. Nikamwambia mimi si muuguzi, nilisomea kutoa gesi ziwani. Alitaka kucheka, kifua kikamzuia.

"Wataanza lini?"

"Mwakani," nikasema.

Akasema ni vizuri, kwao ni kando ya ziwa, akipona ataomba kazi huko. Nikamwambia watahitaji watu wengi, na nikamwongezea hewa kidogo.