Siku Bwawa la Anko Njoro Lilipopewa Daraja la Juu

Niaje wakuu wa ubao huu wa social hall ya Buruburu.

Najua ni mimi niliyewaambia headmaster ana mkia. Hii ya leo lakini ni kweli tupu. Mashahidi wote wako hai, na hapo ndipo utamu wake.

Anko Njoro, kakake mathe, ana shamba huko upande wa Embakasi. Alikinga kijito kwa ukuta wa udongo akapata bwawa. Samaki ndani, bata juu. Ukienda kumsalimia, unasalimia bwawa kwanza.

Kando ya ukuta kuna njia ya kupitishia maji yakizidi. Anko aliiziba kwa magunia ya mchanga, maji yapande, samaki wanone.

August holiday nikiwa huko, akaja afisa wa maji. Akakagua ukuta, akatazama bondeni ambako watu wamejenga nyumba za mabati, akasema, "Mzee, hili naliweka daraja la juu."

Akaendelea kueleza, na kuonyesha yale magunia. Anko hakuwepo tena. Alikuwa ameenda kukamata mbuzi.

Niliyebaki kusikiliza ni mimi. Nikajaribu kumweleza Anko, akaniambia nisilete wivu wa Buruburu, nichukue rangi niandike kibao: BWAWA LA DARAJA LA JUU.

Nikaandika. Mwandiko wangu mnaujua, ni moto.

Jumapili akaalika majirani wa bondeni waje wale mbuzi. Anko na koti la harusi, anatembeza wageni juu ya ukuta kama bwana arusi.

Mama Akinyi, anayeuza mandazi huko chini, akaniuliza, "Kijana, na daraja la chini ni lipi?"

Nikamjibu na ubavu mdomoni. "Ni lile likipasuka linalowesha vyura tu. La juu likipasuka linaenda na watu."

"Watu gani?"

"Wewe, Mama, na mandazi zako."



Mama Akinyi akamgeukia Anko. "Mzee Njoro, hiyo daraja ni yako ama ni yetu?"

Mimi tayari nilikuwa nimeshavua slippers nitoroke. Anko akaweka mfupa chini. Akavua koti la harusi, akalitundika kwenye kibao changu, akashuka akavuta gunia la kwanza. Wanaume wakamfuata bila kuitwa. Nami pia, na mgongo bado unanidai.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na hasira. Bwawa likajaa, maji ya ziada yakapita kando, yakateremka kufuata kijito. Asubuhi Mama Akinyi alikuwa anakaanga kama kawaida.

Afisa aliporudi aliusifu ukuta. Anko akauliza kama sasa ameshushwa daraja. Akaambiwa hapana, halishuki kwa ukuta kuwa mzuri, maana linapima wanaolala chini yake.

Hilo ndilo somo, wakuu. Si kila "juu" ni ya kuchinjia mbuzi.

Mwenye swali aandike hapa chini, peni iko kwa kamba. Atakayenichorea pembe namjua.

Halafu mkipita Embakasi, someni kibao. Anko alikataa nikifute. Aliniambia niongeze mstari mmoja tu, na ndio ninaojivunia kuliko yote niliyowahi kuandika:

CHINI WANALALA WATU WANGU.